Kiapo cha Magharibi

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, Samuel Kivuitu, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Haukupita muda mrefu. Jua likichwa, Kibaki aliapishwa Ikulu, Nairobi, mbele ya Jaji Mkuu Evan Gicheru.

Hesabu zilibishaniwa sana, na Tume ya Johann Kriegler ilikiri mwaka 2008 kwamba zilikuwa zimeharibika hata mshindi wa kweli hawezi kujulikana. Walakini ile haraka ya kiapo nayo ilikuwa na ubaya wake. Odinga aliambiwa aende mahakamani. Wenzake walikataa, wakisema hawana imani nayo. Na mahakama ingeonekanaje mwamuzi, ilhali mkuu wake amekwisha kumwapisha mmoja wa washindani? Ugomvi uliokosa baraza ukaingia njiani, na watu zaidi ya 1,100 wakauawa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008.

Katiba ya 2010 iliamuru kiapo kiwe hadharani, na mwenye lalamiko apewe siku saba za kulipeleka Mahakama ya Juu kwanza. Sheria ya 2012 ikataja hata saa: baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ni nadra sheria kulitazama jua namna hiyo.

Mwaka 2013 Odinga alishindwa tena, akaenda mahakamani, akakataliwa. Uhuru Kenyatta akaapishwa Kasarani, Jumanne tarehe 9 Aprili, mchana.