Siku za Mgeni Zinapokwisha

Juma hili tunasoma habari za viza. Viza ni ruhusa ya kuingia nchi ya watu, nayo ina siku zake. Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Lakini mgeni asiye na pa kurudi, siku zake zikiisha, aende wapi? Tutazame yaliyotokea Kobe, mji wa bandari wa Japani, mwaka wa 1941.

Vita vilipoanza Ulaya mwaka wa 1939, Wayahudi wengi wa Poland walikimbilia Lithuania. Mwezi wa Juni, 1940, Lithuania nayo ikatwaliwa na Warusi. Njia iliyobaki ilikuwa kuvuka Urusi kwa gari moshi mpaka Vladivostok, kisha kupanda meli mpaka Japani. Katika mji wa Kaunas, balozi mdogo wa Japani, Bwana Chiune Sugihara, aliandika viza zaidi ya 2,000, ijapokuwa wakubwa wake wa Tokyo walimkataza kumpa mtu asiyetimiza masharti.

Lakini angalia neno hili: zilikuwa viza za kupita, si za kukaa. Siku zake zilikuwa chache, wala hazikutosha kutafuta viza ya nchi nyingine na nafasi katika meli. Zikiisha, mtu aliogopa kurudishwa alikotoka.

Hapo alitokea Mjapani mmoja, Bwana Setsuzo Kotsuji, mwalimu wa lugha ya Kiebrania. Alikwenda Tokyo kwa waziri wa mambo ya nchi za nje, Bwana Yosuke Matsuoka, waliyejuana tangu zamani katika shirika la reli la Manchuria. Kotsuji alieleza baadaye kwamba waziri hakukubali kubadili amri, ila alimdokeza jambo: wenye kuongeza siku ni polisi wa Kobe, wakikubali, serikali haitawazuia.

Basi Kotsuji akarudi Kobe. Hakuingia kituoni kwa maneno makali. Aliwakaribisha chakula wakubwa wa polisi, tena si mara moja. Urafiki ulipokolea ndipo akataja haja yake. Wakakubali. Siku zikaongezwa, na zilipokwisha zikaongezwa tena.

Siku hizo zilileta faida gani? Wengine walipata viza za Marekani na nchi nyingine, wakaondoka. Waliosalia, yapata watu 1,000, walihamishiwa Shanghai mwaka ule ule wa 1941. Huko waliona dhiki na njaa, lakini walio wengi walikuwa hai vita vilipokwisha mwaka wa 1945. Kule Lithuania, Wajerumani waliingia Juni, 1941, na karibu Wayahudi wote waliokuwako waliuawa.

Kotsuji alifariki mwaka wa 1973, akazikwa Yerusalemu.

Msomaji, shika jambo hili. Amri ilitoka Tokyo, lakini siku zilitolewa na watu wa kituo cha Kobe. Ukiwa mgeni, uliza mapema nani mwenye kuongeza siku, umwendee kabla hazijakwisha. Na ukiwa wewe ndiwe mwenye muhuri, kumbuka kwamba juma moja, kwako ni mstari mmoja tu wa wino; kwa aliyesimama mbele yako huenda likawa uhai.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Viza ya kupita na viza ya kukaa zina tofauti gani?
2. Kwa nini Kotsuji alitafuta urafiki kwanza, kabla ya kutaja haja yake?
3. Je, Sugihara alifanya haki kutowatii wakubwa wake?