Jina la Mfumi: Brussels, Pate na Eldoret

Kamusi za Kiswahili zimehifadhi neno mfumi, pamoja na mtande, yaani nyuzi zitandikwazo kwanza, na mshindio, yaani nyuzi zikatizwazo juu yake. Waliotumia maneno hayo kazini, hata hivyo, majina yao hayajulikani.

Sivyo ilivyokuwa Brussels, mji wa Ubelgiji ya leo. Amri ya mwaka 1528 ilitaka mazulia makubwa ya ukutani yatiwe alama ya mji pamoja na ya mfumi au ya mwagizaji. Ndiyo sababu ukoo wa de Pannemaker unakumbukwa hadi leo. Kati ya 1548 na 1554 karakana ya Willem de Pannemaker ilifuma mazulia 12 yaliyosimulia jinsi Kaisari Karolo wa Tano alivyouteka mji wa Tunis mwaka 1535. Hivyo Waafrika waliingia katika kazi hiyo wakiwa walioshindwa, naye mfumi akabaki na jina lake.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa ikifuma. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kuwa nguo zilizoitwa kwa jina la mji huo zilipelekwa hadi Misri. Magurudumu ya pia za kusokotea yamefukuliwa Kilwa. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba Waislamu wa Sofala walizifumua nguo za buluu za Cambay, wakazifuma upya pamoja na pamba yao nyeupe. Nguo za hariri za Pate zilisifiwa na Wareno pia. Katika habari zote hizo mji umetajwa, mtu hakutajwa. Kisha katika karne ya 19 merikani ilienea pwani na bara.

Hasara hii ni ya lugha pia, kwa maana msamiati wa ufundi hukaa vinywani mwa mafundi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kampasi yake kuu iko Kesses, karibu na Cheptiret, kilikichukua kiwanda cha nguo cha Rivatex mjini Eldoret. Hapo chuo na kitambo vimekuwa jirani. Yapasa basi maneno ya wafumaji wa kiwandani yakusanywe pamoja na majina ya wayasemao, ili mtafiti wa kesho asikute tena nguo isiyo na mwenyewe.