Kuhashi nywila

Kuhashi nywila ni mbinu ya usalama wa kompyuta inayogeuza nywila (au neno la siri) kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu ambao haurudishwi kuwa nywila ya awali. Mfuatano huo huitwa hashi. Programu iliyotengenezwa vizuri huhifadhi hashi tu, ili mtu akiiba hifadhidata asipate nywila zenyewe.

Kuhashi ni tofauti na kusimba. Maandishi yaliyosimbwa hufunguliwa na mwenye ufunguo, lakini hashi haina ufunguo. Mtumiaji anapoingia, programu huhashi nywila aliyoandika na kulinganisha matokeo na hashi iliyohifadhiwa.

Chumvi na gharama

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo chenye wanachama Handeni na Korogwe, wilaya za mkoa wa Tanga. Mwanachama mmoja wa Handeni na mwingine wa Korogwe wakichagua nywila ileile, tuseme "mkonge2024", hashi zao zitafanana, na mwizi akikisia moja atakuwa amepata zote mbili. Kwa sababu hiyo kila nywila huongezewa data ya nasibu iitwayo chumvi kabla ya kuhashiwa. Chumvi si siri. Huhifadhiwa pamoja na hashi.

Algoriti kama MD5 na SHA-256 zilibuniwa kufanya kazi haraka, jambo linalomsaidia mwizi kujaribu nywila nyingi kwa sekunde. Algoriti za nywila hufanywa polepole kwa makusudi. Katika bcrypt, gharama ikiongezwa kwa 1, kazi huwa mara mbili. Gharama ya 10 ni sawa na mizunguko 1,024.

Historia

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza matumizi ya chumvi ya biti 12 katika mfumo wa Unix. Niels Provos na David Mazières walitoa bcrypt mwaka 1999, na Colin Percival alitoa scrypt mwaka 2009. Argon2 ilishinda shindano la kimataifa la algoriti za nywila mwaka 2015. Mwaka 2012 hashi milioni 6.5 za watumiaji wa LinkedIn zilivuja. Zilikuwa za SHA-1 bila chumvi, na nyingi zilikisiwa upesi.

Katika Haskell

Haskell ni lugha ya programu ya kifunksheni. Maktaba yake iitwayo password hutenga nywila na hashi kama aina mbili tofauti za data, hivyo mtunzi wa programu akizichanganya, kikusanyaji hukataa. Nywila ikichapishwa kwenye skrini kwa bahati mbaya, huonekana kama **PASSWORD**.

Funksheni hashPassword huhitaji chumvi mpya ya nasibu, kwa hiyo matokeo yake hubadilika kila inapoitwa na si funksheni safi. Funksheni checkPassword husoma chumvi kutoka katika hashi iliyohifadhiwa. Ni safi, yaani kwa nywila na hashi zilezile hutoa jibu lilelile daima.

Mipaka

Kuhashi hakuokoi nywila dhaifu. Majina ya miji yakifuatwa na mwaka, kama "korogwe2024", ni rahisi kukisia. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000 tu: mwizi mwenye hashi yake akijaribu 10 kwa sekunde, atamaliza yote kwa dakika 17 hivi. Ndiyo maana huduma zinazotumia namba hizo hufunga akaunti baada ya majaribio machache.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai.