Mwitikiaji Ashikapo Wimbo

Mwezi wa Agosti 1975 ilipotangazwa kwamba Peter Gabriel amejitoa katika bendi ya Genesis ya Uingereza, si wachache walioihesabu bendi hiyo kuwa imekufa. Gabriel hakuwa mwimbaji tu. Mavazi yake ya ajabu jukwaani ndiyo yaliyokuwa uso wa Genesis. Walijaribiwa waimbaji wengi, asipatikane wa kufaa, hata Phil Collins, mpiga ngoma wao tangu 1970, akaushika wimbo yeye.

Santuri yao, A Trick of the Tail, ilitoka Februari 1976, ikapanda hadi nafasi ya 3 nchini mwao. Ile ya mwisho ya Gabriel, ya 1974, ilikomea ya 10. Waliokuja kuomboleza walikuta sauti waliyoizoea. Collins alikuwa amemwitikia Gabriel miaka mitano, tena katika santuri za 1971 na 1973 alikwisha kuongoza wimbo mmoja mmoja. Mpenzi wa ngoma za pwani hatalistaajabia hilo, kwani mwitikiaji hodari ni manju anayengoja zamu.

Mwaka 1996 Collins naye akaaga, akatafutwa mgeni, Ray Wilson wa Uskoti. Calling All Stations ya 1997 ilifika nafasi ya 2 Uingereza. Marekani ilikomea ya 54, na ziara ya huko ikafutwa. Kumlaumu Wilson ni kumwonea, maana sauti anayo. Walakini wasikilizaji hawakuwahi kumsikia akiitikia. Genesis iliporudi jukwaani 2007, aliyesimama mbele alikuwa Collins.