Feri Ingerudi kwa Watu wa Miguu

Magari ya mtu mmoja hayakuanza jana Mombasa. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutandika reli nyembamba ya kwenda bara, na baada ya maili chache mradi ukafa. Vyuma viling'olewa vikarudishwa kisiwani, vikalazwa njiani kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Hapo ndipo zilipopita toroli: kiti, kijipaa juu, na vijana nyuma wakisukuma. Wakubwa wa serikali na wa makampuni walikuwa na toroli zao wenyewe na wasukumaji wao wenyewe, na baadhi walitandikiwa tawi la reli hadi mlangoni. Mambo hayo yalikwisha miaka ya 1920, magari ya mafuta yaliposhika mji. Nikiona leo gari kubwa lenye mtu mmoja limeziba Moi Avenue, naona toroli ile ile, ila msukumaji ndiye aliyepumzishwa.

Sisi wa Matuga, ng'ambo ya kusini ya kisiwa, hatukuwa na toroli, wala njia ya kuingia mjini isipokuwa maji. Mkono wa bahari wa nusu kilomita hivi ndio uliotutenga na soko. Nazi za Waa, maembe ya Tiwi, makuti ya Ng'ombeni, vyote vilishushwa Likoni vikavushwa kwa mashua, mpaka feri ilipoanza mwaka 1937. Mimi ni Mdigo wa Ng'ombeni na mamangu alikuwa muuza nazi. Shule zikifungwa nilimfuata hadi soko la Marikiti kisiwani, gunia likiwa juu ya mkokoteni na sisi nyuma yake, maana mwenye mkokoteni ukimwacha peke yake nazi hupungua njiani.

Siku hizo feri iliendeshwa na Kenya Bus, kampuni ile ile iliyokuwa na mabasi ya mjini. Vijana hawalijui hilo, na mimi sichoki kuwaambia. Aliyekuvusha maji na aliyekupakia ng'ambo alikuwa mmoja. Ukiwa na neno, ulijua pa kulipeleka.

Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi. Kwa vijijini ilikuwa neema, sikatai. Wa Mkongani na Golini wangengoja basi mpaka lini? Lakini matatu huchukua saa zenye watu na kuziacha saa tupu, na basi lenye ratiba haliwezi kushindana na asiye na ratiba. Mabasi makubwa ya mji yakapungua hadi yakatoweka. Mwaka 1989 feri nayo ikapewa shirika lake, Kenya Ferry Services. Maji yakawa na mwenyewe, barabara ikawa na wenyewe mia. Tangu hapo mtu wa Matuga hulipa nauli mpaka Likoni, hushuka, huteremka mteremko ule na mzigo wake, huvuka, kisha hulipa nauli nyingine upande wa kisiwani. Mvua ikinyesha, konda wa huku hupandisha bei, na wa kule pia.

Asubuhi ya 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na ufuo, imejaa kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Huwa nakasirika nikisikia abiria wale wakilaumiwa kwa kukimbilia chombo kilichojaa. Mtu wa kibarua akichelewa getini, msimamizi hamuulizi feri ilikuwaje.

Hesabu iliyotajwa kwa miaka mingi pale Likoni ni watu 300,000 hivi kwa siku na magari 6,000 hivi. Gawanya mwenyewe: watu 50 kwa kila gari. Mtu wa miguu havuki kwa pesa, gari hulipiwa, basi wenye magari hujiona ndio wenye feri. Lakini itazame sakafu ya feri iliyojaa, uone nani amepewa nafasi ya katikati na nani amebanwa pembeni na kuku wake. Mwanzoni mwa 2021 tulifunguliwa daraja la kuelea la watu wa miguu, kati ya Ras Bofu na Liwatoni. Wazo halikuwa baya. Ila lilimshusha mtu mbali na steji alizozizoea, na likafungwa kila meli ilipotaka kupita.

Sasa barabara ya Dongo Kundu imevuka Mwache na Mteza ikatokeza Kibundani, hapa hapa kwetu. Gari litokalo Nairobi kwenda Diani halina haja tena ya kukanyaga kisiwa. Gari lina njia ya pili. Mwenye miguu yake tu, njia hiyo haimfai. Jirani yangu mwenye Probox anangoja daraja kubwa la Likoni ambalo serikali imeliahidi kwa mkopo wa Japani. "Likijengwa, dada, dakika tano niko Marikiti." Nilimuuliza ataegesha wapi, kwa kisiwa cha kilomita za mraba 14 hivi ambacho tayari hakina pa kuweka hata tuktuk. Akafikiri. Akasema labda ataliacha Likoni avuke kwa miguu.

Mimi ningeanzia hapo alipofikia yeye. Kuanzia alfajiri hadi saa tatu, na tena saa kumi hadi saa mbili usiku, feri isipakie gari la binafsi. Nafasi hiyo wapewe watu, baiskeli, mikokoteni, na mabasi ya Kwale, Ukunda na Msambweni yanayoendelea hadi katikati ya mji. Abiria washuke wakati wa kuvuka, kwa usalama, kisha wapande basi lile lile ng'ambo kwa tiketi ile ile. Wa Probox mwenye haraka saa hizo, Kibundani iko wazi.