Tehama ya kijani

Tehama ya kijani ni utaratibu wa kununua, kutumia na kuondoa vifaa vya teknolojia ya habari na mawasiliano kwa namna inayopunguza madhara kwa mazingira. Unahusu kompyuta, simu, printa, seva na betri zinazotumika ofisini, shuleni, hospitalini na katika taasisi nyinginezo.

Umri wa kifaa

Mara nyingi tehama ya kijani huelezwa kama suala la kuzima kompyuta jioni na kupunguza kuchapa karatasi. Mambo hayo yanasaidia, lakini si makubwa kuliko yote. Kwa kompyuta mpakato, sehemu kubwa ya hewa ukaa hutolewa wakati wa kuchimba madini na kutengeneza vipuri, kabla mnunuzi hajaiwasha. Hoja hiyo ina uzito zaidi nchini Tanzania, ambako sehemu kubwa ya umeme hutokana na gesi asilia na maporomoko ya maji, likiwemo Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Taasisi inayotumia kompyuta kwa miaka minane badala ya minne huepuka kununua nyingine. Mara nyingi inatosha kuongeza kumbukumbu, kubadilisha diski kuu au kuweka mfumo endeshi mwepesi kama Linux.

Hali ya mwambao

Katika miji ya pwani kama Bagamoyo, Pangani na Tanga, kurefusha umri huo ni kazi ngumu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, navyo huleta kutu kwenye viungio na bodi za ndani. Vumbi lililoshika chumvi hunasa unyevu zaidi. Umeme unaokatika na kurudi ghafla nao huunguza vifaa. Kinga zake ni za gharama ndogo: kuweka mashine mbali na madirisha yanayoelekea baharini, kuondoa vumbi mara kwa mara na kutumia stabilaiza. Kompyuta iliyofungiwa stoo haisalimiki, kwani joto la kifaa kinachotumika ndilo hufukuza unyevu.

Taka za kielektroniki

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Taka hizo zina risasi, zebaki na kadimi. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa dioksini, sumu inayobaki muda mrefu katika udongo na mwilini.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitolewa kanuni mahususi za taka za umeme na kielektroniki. Msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Ugumu uko kwenye ukusanyaji. Shule ya wilayani yenye kompyuta 20 mbovu ina mzigo mdogo mno kulipia safari ya lori hadi Dar es Salaam, hivyo mnunuzi wa vyuma chakavu ndiye hufika kwanza. Taasisi jirani zikikusanya mizigo yao pamoja, gharama hiyo hugawanyika.

Kabla ya kukabidhi mashine, diski kuu hufutwa kwa programu maalumu au kuvunjwa, kwa kuwa kumbukumbu za wanafunzi au wagonjwa huweza kusomeka hata baada ya mafaili kufutwa kwa njia ya kawaida.