Duara Lililohamwa, Nyarugusu

Duara hili, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilichimbwa na wachimbaji wadogo kwa nyundo, tindo na sururu. Miti iliyokingama ukutani ni matimba: ilizuia kifusi, na wachimbaji waliikanyaga kushuka na kupanda. Mawe yalivutwa juu kwa kamba, yakasagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, unga ukaoshwa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu.

Rashi, yaani habari ya dhahabu mpya, ikisikika kwingine, kambi huhama ndani ya siku chache: wachimbaji, mama lishe, wenye maduka. Hata mgodi mkubwa wa Geita, uliozalisha dhahabu tangu 1936, ulifungwa 1966 na wafanyakazi wakatawanyika. Uchimbaji mkubwa ulirudi 2000.

Tunalitunza duara hili kwa heshima ya wachimbaji wadogo, ambao jasho lao halijaandikwa vya kutosha. Tafadhali usivuke uzio, matimba yameoza.